Muda wa ombi la wavuti

Muda wa ombi la wavuti ni kipindi kinachopita tangu kivinjari kinapotaka kitu kutoka katika seva hadi kitu hicho kinapofika chote. Hupimwa kwa milisekunde (ms), yaani sehemu za elfu za sekunde. Kitu kinachoombwa kinaweza kuwa ukurasa wenyewe, picha au faili lingine la ukurasa huo. Ombi lilelile likirudiwa baada ya dakika moja linaweza kuonyesha muda tofauti kabisa. Hilo si lazima liwe kosa la kipimo: ombi hupitia hatua kadhaa, na si kila ombi hupitia hatua zote.

Namna ya kuuona

Kwenye kompyuta nyingi, zana za wasanidi programu za Firefox na Chrome hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe cha F12. Katika sehemu ya mtandao, kila ombi lina mstari wake, na rangi za mstari huo hutenganisha hatua. Zana za aina hii zilipata umaarufu kupitia Firebug, programu ya Joe Hewitt iliyotolewa mwaka 2006 kwa ajili ya Firefox.

Hatua za ombi

1. Foleni: kwa itifaki ya HTTP/1.1, vivinjari vingi hufungua miunganisho isiyozidi 6 kwa seva moja. Ombi la 7 husubiri.
2. Kutafuta anwani: jina la tovuti hubadilishwa kuwa anwani ya namba.
3. Kuunganisha: kivinjari na seva husalimiana, ni safari moja ya kwenda na kurudi.
4. Usalama: pande mbili hukubaliana funguo za siri. Toleo la TLS 1.3 la mwaka 2018 huhitaji safari moja. Toleo la 1.2 huhitaji mbili.
5. Kusubiri: ombi huenda, seva hulishughulikia, na mwanzo wa jibu hurudi.
6. Kupakua: jibu lote hupokewa.

Ombi la pili kwa seva ileile mara nyingi hutumia muunganisho uliokwisha kufunguliwa, hivyo huruka hatua ya 2 hadi ya 4. Kitu kilichohifadhiwa tayari ndani ya kompyuta hakihitaji kusafiri kabisa.

Umbali

Mwanga ndani ya mkongo husafiri takriban km 200,000 kwa sekunde. Tuchukue mwanafunzi aliyeko Kakesio, katika Wilaya ya Ngorongoro mkoani Arusha, anayefungua tovuti yenye seva mjini London. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni takriban km 7,500 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi ni km 15,000, sawa na ms 75. Ombi la kwanza, lenye safari tatu (kuunganisha, usalama na ombi lenyewe), haliwezi kupungua ms 225. La pili linaweza kuchukua ms 75. Muda halisi ni mkubwa zaidi, kwa sababu nyaya hufuata njia ya bahari, na ombi husafiri kwanza kutoka Kakesio hadi pwani.

Kabla ya mkongo wa SEACOM kuanza kazi mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, Afrika Mashariki ilitegemea sana satelaiti zilizoko km 35,786 juu ya ikweta. Kwa njia hiyo, safari moja ya kwenda na kurudi huchukua karibu nusu sekunde. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilikatika, na huduma ya intaneti ikadorora Tanzania na katika nchi jirani.

Maana ya tofauti

Hatua iliyochelewa ndiyo huonyesha pa kurekebisha. Kupakua kukichukua muda mrefu, mtandao wenye kasi zaidi au picha ndogo zaidi husaidia. Kusubiri kukiwa kurefu kwa kila ombi, chanzo ni umbali au seva iliyolemewa. Kununua bando kubwa hakufupishi safari. Hapo kinachosaidia ni kuisogeza seva karibu na watumiaji. Vituo vya kubadilishana data, kama vile vya Dar es Salaam na Arusha, huwezesha data ya ndani ya nchi kufika bila kupitia ng'ambo.

Kipimo kimoja hakitoshi kuihukumu tovuti. Hupimwa mara kadhaa, hifadhi ya kivinjari ikiwa imezimwa na kisha ikiwa imewashwa, na matokeo hulinganishwa hatua kwa hatua.