Mawe ya Makaburi Yenye Maandishi

Katika nchi ya Kisii na Nyamira mtu afapo huzikwa nyumbani kwake, na watoto wake hulijua kaburi lake kwa kuonyeshwa na wazee. Wazee hao wakiisha kufa, na boma likahamishwa, mara nyingi kumbukumbu ya kaburi nayo hupotea. Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki walijaribu tangu zamani kulizuia jambo hilo kwa njia nyingine: walichonga maneno katika jiwe la kaburi, ili jiwe liseme badala ya wazee.

Wachongaji wa Tabaka, ambao huchimba mawe ya sabuni na kuyafanya bakuli, sanamu na vinara, watafahamu upesi kazi hiyo ilivyokuwa. Jiwe la Tabaka ni laini, nalo hukubali kisu na msasa. Mafundi wa pwani nao walikuwa na jiwe lao, yaani tumbawe. Liko tumbawe gumu linalochimbwa katika nchi kavu, ambalo hutumiwa kwa kuta. Na liko lile litolewalo baharini. Hili la baharini likiwa bado bichi ni laini, na fundi aweza kulikata na kulitia nakshi. Likikaa katika hewa na jua hukauka na kuwa gumu. Kwa hiyo fundi hakuwa na nafasi ya kuchelewa. Ilimpasa kumaliza kazi yake kabla jiwe halijakauka.

Ziko njia mbili za kuchonga maandishi. Ya kwanza ni kuzichimba herufi ndani ya jiwe. Ya pili ni kuuondoa uso wa jiwe pande zote za herufi, hata herufi zenyewe zikabaki zimeinuka. Njia hii ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu herufi ikivunjika haiwezi kurudishwa. Basi ilimpasa fundi kuipima mistari yote kwanza, asije akafika mwisho wa jiwe na jina la marehemu halijaisha.

Maandishi hayo ni ya Kiarabu, lakini si ya namna moja. Hati ya zamani zaidi huitwa Kikufi, kwa jina la mji wa Kufa katika Iraki. Herufi zake ni nyoofu na zenye pembe, na mara nyingine ncha zake hugeuzwa majani na maua. Katika msikiti wa Kizimkazi, kisiwani Unguja, uko mfano mzuri wa hati hiyo, nao una mwaka wa Hijra 500, yaani 1107. Baadaye hati za mviringo, kama Naskhi na Thuluthi, zilienea, kwa kuwa ni rahisi zaidi kusomwa.

Jiwe la kaburi lina utaratibu wake. Kwa kawaida huanza kwa kulitaja jina la Mungu, kisha hufuata aya ya Kurani, na mara nyingi ni ile inayokumbusha kwamba hakuna mtu asiyekufa. Halafu huja jina la marehemu, na la baba yake, na pengine la babu yake. Na mwisho siku, mwezi na mwaka wa kufa. Desturi hii ni ya kale sana. Katika jumba la makumbusho la Cairo, nchini Misri, limo jiwe la kaburi la mwaka wa Hijra 31, yaani 652.

Mwaka wa Hijra hufuata mwezi, kwa hiyo ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku zipatazo 11. Miaka 33 ya Hijra ni karibu sawa na miaka 32 ya jua. Mtu akitaka kugeuza mwaka, na augawanye kwa 33, azidishe kwa 32, kisha aongeze 622. Kwa mfano, 802 ukihesabiwa hivyo hutoa 1399.

Mfano huo haukuchaguliwa bure. Katika magofu ya Gedi, kusini ya Malindi, liko kaburi lenye mwaka huo wa 802. Bwana James Kirkman, aliyeanza kuchimba huko mwaka wa 1948, aliliona kuwa ni msaada mkubwa. Vigae vilivyokuwa chini ya msingi wa kaburi haviwezi kuwa vya baada ya 1399. Na vilivyolala juu ya tabaka la wakati wa kulijenga vilikuja baadaye. Hivyo kaburi moja likasaidia kujulisha umri wa vyombo vya udongo na vya China, na vyombo hivyo vikasaidia kujulisha umri wa magofu mengine. Mwaka wa 1960 Bwana Kirkman alitoa kitabu juu ya kaburi hilo peke yake.

Mawe hueleza pia habari za biashara. Mafundi wa Khambhat, katika Gujarat ya Bara Hindi, walichonga mawe ya makaburi ya marmar, na majahazi yakayachukua hata Zafar katika Oman na hata kisiwa cha Java. Bahari ile ile iliyoleta vyombo na nguo ilichukua pia majina ya wafu.

Lakini mawe haya yana adui wengi. Chumvi ya bahari na mvua huyala, na mizizi ya miti huyapasua. Tena wako watu walioyabomoa makaburi ili kupata mawe ya kujengea, au kung'oa bakuli za China zilizotiwa ndani yake. Jiwe likiondolewa mahali pake hupoteza nusu ya ushahidi wake, kwa sababu hapana ajuaye tena lilisimama juu ya nani, wala lilikuwa karibu na nini.

Katika Kenya sheria ya mwaka wa 2006 ya Makumbusho na Urithi wa Taifa huyalinda mambo ya kale, na mwaka wa 2024 Gedi iliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo sheria haiwezi kusimama kila mahali penye jiwe. Mtu akiona jiwe lenye maandishi, asilikwangue wala asilihamishe. Na aliache pale lilipo, kisha apeleke habari kwa ofisi ya makumbusho iliyo karibu. Jina lililofutika katika jiwe halina mzee wa kulitaja tena.