Filtre, Mafuta ya Moteri na Garanti ya Kamyo: Mambo ambayo Kila Koperative Inapaswa Kujua



Katika gazeti hili tumezoea kuzungumza juu ya mbegu, mnyauko wa migomba na namna ya kukausha kakao. Mara hii tunazungumza juu ya kamyo, kwa sababu mavuno yasiyofika sokoni ni kazi ya bure. Kamati nyingi za usimamizi zinatuletea swali moja: "Tulinunua kamyo mpya yenye garanti. Fundi aliweka filtre ambayo si ya kampuni iliyotengeneza kamyo. Je, garanti imekufa?"

Jibu fupi: hapana, si lazima ife. Lakini inaweza kufa ikiwa filtre au mafuta ndiyo yaliyoharibu moteri, au ikiwa karatasi mliyotia sahihi inasema hivyo na hamkuisoma, au ikiwa hamna hata fakture moja ya kuonyesha mlifanya nini na lini. Tueleze moja baada ya nyingine.

Njia zetu zinachosha moteri

Butembo iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Beni iko chini yake, karibu mita 1,100, na ukielekea Kasindi kwa njia ya bonde la Semliki unashuka tena. Kamyo inayotoka Butembo kupeleka kahawa au kakao mpakani inashuka ikiwa imejaa, kisha inapanda ikirudi na simenti, chumvi na mazuti. Ni kilomita karibu 54 hadi Beni kwa Barabara ya Taifa namba 2, na karibu 80 kutoka Beni hadi Kasindi kwa namba 4. Kazi ya kutia lami njia hiyo ya Kasindi ilianza kwa mapatano na Uganda mwaka 2021, lakini njia za kuingia vijijini, kule mizigo yetu inakotoka, bado ni za udongo: vumbi wakati wa jua, matope wakati wa mvua.

Vumbi ndilo adui wa kwanza. Moteri ya mazuti, kwa kila lita moja inayochoma, inavuta zaidi ya lita 10,000 za hewa. Ikiwa filtre ya hewa ina tundu dogo tu, au raba yake haikai vizuri, mchanga mwembamba unaingia na kusugua silinda kama msasa. Si jambo jipya: kule Minnesota, Marekani, Frank Donaldson alibuni chombo cha kusafisha hewa mwaka 1915 kwa sababu trakta za wakulima zilikuwa zinakufa na vumbi. Kwa hiyo filtre za moteri zina historia ndani ya kilimo.

Hapa ndipo mtego wa kwanza wa garanti ulipo. Kitabu cha kamyo huwa na hesabu mbili za vidanji: moja ya kazi ya kawaida, nyingine ya kazi ngumu, yaani vumbi, milima, mizigo mizito na mazuti yasiyo safi. Hesabu ya kazi ngumu ni ya kilomita chache zaidi, na hiyo ndiyo yetu. Koperative ikifuata ile ya kawaida, hata ikiweka filtre ya kampuni yenyewe, muuzaji anaweza kusema hamkufuata kitabu.

Filtre tatu zinazofanana kwa macho

Ukiingia kwa wauza piesi utakuta filtre za aina tatu. Ya kwanza ina jina la kampuni ya kamyo. Ya pili ina jina la kiwanda kingine cha filtre kinachojulikana, kama Mann, Fleetguard, Donaldson au Sakura. Mara nyingine kiwanda cha namna hiyo ndicho kinachotengenezea kampuni za magari filtre zao. Ya tatu ni ya bandia: boksi ni nzuri, jina limeigwa, lakini ndani ni takataka.

Watu wengi wanachanganya ya pili na ya tatu na kuziita zote "zisizo za kweli". Ni kosa, na linatuumiza mara mbili. Tunalipa bei kubwa pasipo sababu, ama tunanunua ya bandia tukidhani zote za bei ndogo ni sawasawa.

Filtre ya mafuta ya moteri si karatasi tu. Ndani yake mara nyingi kuna kifuniko chenye springi. Karatasi ikijaa uchafu, springi inaachia na mafuta yanapita bila kuchujwa, kwa sababu mafuta machafu ni afadhali kuliko moteri kukauka. Kwenye filtre ya bandia springi inaweza kuwa legevu, basi mafuta yanapita bila kuchujwa kila siku. Au inaweza kuwa ngumu kupita kiasi, basi asubuhi ya baridi mafuta hayafiki haraka kwenye turbo. Karatasi mbaya nayo inalowa, inapasuka, na vipande vinaziba njia. Huoni lolote kwa nje.

Filtre ya mazuti ni ya kuogopwa zaidi. Kamyo za siku hizi zinasukuma mazuti kwenye enjektere kwa nguvu inayopita bari 1,500. Tone la maji au chembe ambayo jicho haliioni inatosha kuziharibu. Sisi mazuti yetu yanatoka mbali, mengi yanapita Uganda na kuingia Kasindi, yanamwagwa pipa hadi pipa, na mwisho yanaweza kuuzwa kwa bidoni kando ya njia na wale tunaowaita Kadhafi. Kila kumwaga kunaongeza maji na vumbi.

Mafuta: soma bidoni, usisome rangi

Kwenye bidoni ya mafuta ya moteri tafuta mambo mawili. La kwanza ni uzito, kwa mfano 15W-40. La pili ni daraja la ubora. Daraja za Amerika za moteri ya mazuti zinaanza na herufi C: CH-4 ilitoka mwaka 1998, CI-4 mwaka 2002, CJ-4 mwaka 2006 na CK-4 mwaka 2016. Zinazoanza na S ni za moteri ya esanse. Kamyo nyingi za Japani zinaomba daraja yao, JASO DH-1, na zile za Ulaya zinataja ACEA E na namba yake.

Mafuta mawili yanaweza kuwa yote 15W-40 na daraja zikawa tofauti kabisa. Muuzaji anayesema "mafuta ni mafuta tu, papa" anakupotosha. Na daraja mpya si lazima iwe bora kwa kila moteri. CJ-4 na CK-4 zilitengenezwa kwa kufikiria mazuti yenye salfa kidogo sana. Salfa ikiungua inaleta asidi, na mafuta ya moteri yana dawa ya kuizima. Salfa ikiwa nyingi dawa inaisha mapema, na vidanji inabidi ifanyike mapema. Kwa hiyo fuata daraja iliyoandikwa kwenye kitabu cha kamyo, kisha fupisha kilomita.

Jina kwenye bidoni halina uzito kama daraja. Kampuni ya kamyo ikiomba CI-4 na ninyi mkaweka CI-4 ya kweli kutoka kiwanda kingine, mmefanya iliyoombwa. Mkiweka ya daraja ya chini, mmempa muuzaji kisu.

Garanti ni ahadi juu ya nini?

Garanti ni ahadi ya muuzaji kwamba kitu hakina kasoro ya kiwandani. Si ahadi kwamba hakitaharibika kamwe. Kwa hiyo swali la haki ni hili: kilichoharibika kiliharibiwa na nini? Filtre mbaya ya mafuta inaweza kuua turbo. Haiwezi kuvunja springi za nyuma, wala kuharibu gia, wala kuzima taa.

Nchi nyingine zimeandika jambo hili katika sheria. Marekani ina sheria ya mwaka 1975 inayoitwa Magnuson-Moss: kwa bidhaa za mtu wa kawaida, mwenye kutoa garanti hawezi kulazimisha piesi za jina fulani, isipokuwa anazitoa bure au amepata ruhusa ya pekee. Ulaya nayo, katika kanuni za magari za mwaka 2010, haipendi garanti inayomfunga mnunuzi kwenye garaji na piesi za kampuni peke yake. Lakini sheria hizo hazivuki mpaka wa Kasindi. Usizipeleke kwa muuzaji ukadhani atatetemeka.

Sisi tuna zetu. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano, ambayo ndiyo Kitabu cha Tatu cha Kode Sivili ya Kongo, inamwajibisha muuzaji kwa kasoro zilizofichika za kitu alichouza, na inamtaka mnunuzi asikawie kudai. Tena, nchi yetu imo ndani ya OHADA tangu Septemba 2012, na sheria yake juu ya biashara inasimamia mauzo kati ya wafanyabiashara. Zote mbili zinarudi kwenye jambo moja: mliandikiana nini, na mlilalamika lini. Ikiwa karatasi mliyotia sahihi inasema wazi "piesi za kampuni tu, vidanji kwetu tu", basi mlikubali, na kubishana baadaye ni kazi ngumu. Mabishano mazuri ni yale ya kabla ya sahihi.

Yaliyopata koperative moja

Koperative moja tunayoifuata ilinunua kamyo kwa mkopo, yenye garanti ya mwaka mmoja. Kabla mwaka haujaisha sanduku la gia likaanza kulia, kisha likakataa kupanda mlima. Muuzaji alifungua kofia, akaona filtre ya mafuta isiyo na jina la kampuni, akasema: "Garanti imekwisha." Msimu wa kakao ulikuwa umefika. Kakao iliyokaushwa vizuri hadi unyevu wa asilimia 7 au 8 ikikaa kwenye depo yenye ubaridi inarudi kunyonya maji na kuota ukungu. Wakakodi kamyo ya watu, na malipo ya mkopo yakaendelea kama kawaida.

Tuliketi na kamati. Mama prezida akauliza swali lililofungua mambo: "Filtre ya moteri na gia, wapi na wapi?" Mafuta ya gia yako mbali na mafuta ya moteri, hayapiti kwenye filtre ile hata tone. Wakaandika barua wakiomba muuzaji aeleze kwa maandishi namna filtre ile ilivyovunja gia. Wakaambatanisha kopi ya daftari la vidanji na fakture tatu. Jibu la maandishi halikuja. Lililokuja ni simu: muuzaji atatoa piesi, koperative italipa kazi na usafiri. Wakakubali, kwa sababu kila juma la kungoja lilikuwa na bei yake.

Kama ingekuwa turbo, na kama wasingekuwa na zile fakture tatu, wangepoteza yote. Karatasi tatu ndogo zilifanya kazi ambayo kelele za watu ishirini zisingefanya.

Mambo ya kufanya

1. Kabla ya kununua, someni garanti kwenye mkutano wa kamati. Ulizeni: tunaruhusiwa filtre ya kiwanda kingine ikiwa inalingana? Vidanji ikifanyika Butembo kwa fundi wetu inakubalika? Jibu liandikwe ndani ya mapatano.

2. Katika muda wa garanti, kama tofauti ya bei si kubwa, wekeni filtre ya kampuni. Tuseme ya kampuni inapita nyingine kwa dola 15 na mnafanya vidanji nane kwa mwaka: ni dola 120. Linganisheni na bei ya turbo moja. Garanti ikiisha, filtre ya kiwanda kinachojulikana inatosha.

3. Nunueni kwa mtu mwenye duka na muhuri, si kwa mpita njia. Fakture iandikwe namba ya filtre, daraja ya mafuta na lita.

4. Mwe na daftari la kamyo: tarehe, kilomita, kazi iliyofanyika, jina la fundi, sahihi ya shofere. Ninyi mnaoandika kila loti ya kakao na shamba ilikotoka, hii haiwezi kuwashinda.

5. Kila asubuhi shofere afungue kifuniko cha chini cha filtre ya mazuti na kutoa maji kabla ya kuwasha moteri.

6. Msipulize filtre ya hewa kwa kompresa, na msiigonge kwenye gurudumu. Karatasi inachanika bila kuonekana. Ikijaa, badilisheni.

7. Filtre mpya ya mazuti isijazwe kwa kumwagia mazuti ya bidoni. Hayo yanaweza kuingia upande uliokwisha kuchujwa na kwenda moja kwa moja kwenye enjektere. Tumieni pampu ya mkono.

8. Filtre iliyotolewa itunzeni kwenye mfuko, na tarehe juu yake, hadi vidanji inayofuata. Mkishuku ya bandia, ikateni na mwangalie karatasi ya ndani.

9. Kamyo ikiharibika katika muda wa garanti, msiruhusu fundi aifungue kabla ya muuzaji kujulishwa kwa maandishi. Pigeni picha, andikeni kilomita, tumeni barua siku hiyohiyo. Wakikataa, ombeni sababu kwa maandishi.

Neno la mwisho ni kwa mashofere. Wao ndio wanaosikia moteri inapobadili sauti, na wao ndio watakaolala kando ya njia ikikataa, katika njia ambazo usalama wake sote tunaujua. Shofere akisema mafuta yameisha nguvu au filtre ni ya mashaka, asiambiwe angoje safari moja zaidi. Kwenye mkutano mkuu ujao, pamoja na ripoti ya kilo na bei, wekeni mezani daftari la kamyo, wanamemba wote walione.