Wapendanao wanavyoweza kuzuru Roma bila kurudi na madeni

WAKAZI wa Malindi na Watamu wameishi na Waitaliano kwa miongo mingi, na baadhi yao huzungumza Kiitaliano bila kutatizika. Hata hivyo, kwa Mkenya wa kawaida, safari ya kwenda Italia kwenyewe, hasa ya watu wawili walio katika fungate au wanaoadhimisha miaka ya ndoa, hudhaniwa kuwa ni ya matajiri pekee.

Dhana hiyo ni kweli nusu. Nauli ya ndege ni ghali na haikwepeki. Lakini gharama ya kukaa Roma hutegemea maamuzi ya wasafiri zaidi ya bei za jiji lenyewe. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na ni vyema daftari hilo lifunguliwe kabla ya kuondoka nyumbani.

Uamuzi wa kwanza ni kuchagua mji mmoja. Wengi hutaka kuona Roma, Florence na Venice kwa siku tano. Matokeo yake ni kununua tiketi za treni kila uchao, kuhamisha mizigo na kupoteza nusu siku kila wanapohama. Wawili wanaotafuta utulivu watafaidi zaidi wakilala Roma usiku nne kuliko kukimbizana na ramani.

Uamuzi wa pili ni msimu. Pasaka na Krismasi huvuta umati, nao mwezi wa Agosti una joto kali. Kuanzia Novemba hadi mapema Desemba, au kati ya mwisho wa Januari na Machi, vyumba huwa nafuu na foleni huwa fupi. Baridi ipo, lakini koti zito ni rahisi kuliko chumba cha msimu wa watalii.

Kisha kuna viza. Mwenye pasipoti ya Kenya huhitaji viza ya Schengen, ambayo ada yake kwa mtu mzima ilipanda hadi euro 90 mnamo Juni 2024. Ada hiyo hairudishwi ombi likikataliwa. Mwombaji hutakiwa kuonyesha taarifa za benki, mahali atakapolala na bima ya usafiri ya angalau euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasiwasilishwe zikiwa zimesalia chini ya siku 15. Kwa sababu hiyo, si busara kulipia tiketi ya ndege au chumba kisichorejeshewa fedha kabla ya viza kutolewa. Hapo ndipo akiba ya wengi huzama.

Gharama zilizojificha

Ukifika uwanja wa ndege wa Fiumicino, treni ya moja kwa moja hadi kituo kikuu cha Termini hugharimu euro 14 kwa kila abiria. Ile ya kawaida, inayopitia vituo vya Trastevere na Ostiense, ni euro 8. Kwa watu wawili, kwenda na kurudi, tofauti hiyo ni euro 24. Tiketi ya karatasi ya treni hii ya kawaida sharti igongwe muhuri katika mashine ya kituoni kabla ya kupanda, la sivyo faini itakusubiri.

Kuna pia kodi ya wageni, ambayo aghalabu haimo katika bei ya chumba. Kwa viwango vilivyoanza Oktoba 2023, kila mgeni wa hoteli ya nyota tatu mjini Roma hulipa euro 6 kwa usiku. Wawili kwa usiku nne watadaiwa euro 48 zaidi.

Katika mikahawa, kahawa inayonywewa ukiwa umesimama kwenye kaunta huwa nafuu kuliko ile ile inayoletwa mezani. Maji nayo hayana haja ya kununuliwa. Chemchemi za mabomba ya chuma, ziitwazo nasoni, hutiririsha maji safi ya kunywa barabarani bila malipo. Chakula cha mchana chaweza kuwa kipande cha piza kinachouzwa kwa kupimwa uzani, ili fedha zibaki za mlo mmoja mzuri wa jioni huko Testaccio au Trastevere.

Uzuri usiolipiwa

Tiketi ya Colosseum, ambayo hujumuisha magofu ya Forum na kilima cha Palatine, inunuliwe mapema katika tovuti rasmi, kwani wachuuzi huongeza bei. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi makumbusho ya serikali huwa bure, ingawa foleni huwa ndefu. Pantheon, iliyokuwa bure kwa watalii, ilianza kutoza euro 5 mnamo Julai 2023.

Lakini makanisa mengi bado hayatozi kitu. Katika San Luigi dei Francesi mna michoro mitatu ya Caravaggio kuhusu Mtakatifu Mathayo, na katika San Pietro in Vincoli mna sanamu ya Musa iliyochongwa na Michelangelo. Mengi hufungwa mchana, na mabega na magoti sharti yafunikwe.

Jioni, wawili wanaweza kutazama machweo kutoka Gianicolo au bustani ya michungwa ya Aventine, kisha watembee hadi daraja la Ponte Sant'Angelo, lenye malaika waliobuniwa na Bernini.

Mapenzi nayo yana adabu zake. Tangu 2019, kuketi kwenye ngazi maarufu za Piazza di Spagna kwaweza kukutoza faini ya hadi euro 400. Katika Ponte Milvio, wapenzi walifunga kufuli nyingi mno hata taa ya daraja ikalemewa mwaka 2007, na wakuu wa jiji wakaziondoa zote mnamo 2012.

Mwisho, wawili wakubaliane kiasi cha kutumia kila siku, wakiandike, na kila usiku wahesabu pamoja kilichosalia. Safari inayokusudiwa kuimarisha ndoa haifai kugeuka mkopo wa kugombaniwa mwaka mzima.