Nauli ya Mtu wa Pili

Miradi mingi inayoingia kaunti za Homa Bay na Migori, Kenya, huwataja watu wenye ulemavu kwenye ukurasa wa wanufaika. Fungua ukurasa wa wanaojitolea, huwaoni. Linaniuma hilo. Sensa ya 2019 iliiweka Homa Bay karibu na kilele cha kaunti zenye watu wengi wenye ulemavu: asilimia 4.3 ya waliotimiza miaka 5 na zaidi, ilhali kiwango cha kitaifa kilikuwa 2.2.

Si kwamba wapangaji wana roho mbaya. Kikwazo kimo ndani ya bajeti. Asiyeona akitoka Ndhiwa kwenda mafunzoni Homa Bay mjini hulipa nauli mbili, yake na ya anayemshika mkono. Akirejeshewa moja, amejitolea kwa hasara. Wa kisiwani Mfangano sharti avuke ziwa kwa boti, na kama anatumia kiti cha magurudumu, hubebwa mikononi mwa watu. Rongo kuna Shule ya Viziwi ya Kuja, na bonde la Lambwe lina shule yake. Vijana waliosoma huko wana lugha kamili, ya ishara, lakini pasipo mkalimani mafunzoni, kijana kama huyo atakaa siku nzima akitazama midomo ya watu, kisha jioni atie sahihi ya mahudhurio. Ripoti itasema alishirikishwa.

Chukua mfano wa wahamasishaji wa afya ya jamii, kazi iliyokuwa ikifanywa na waliojitolea. Septemba 2023 serikali ilizindua kikosi cha takriban 100,000, kila mmoja na kaya kama 100, simu na mkoba wa vifaa. Ni kazi ya kutembea nyumba hadi nyumba. Hata hivyo, mwenye magongo anapima shinikizo la damu barabara akipangiwa kaya za jirani. Muhimu ni kwamba aulizwe kabla orodha haijafungwa.

Kifungu cha 54 cha Katiba kinataka, hatua kwa hatua, angalau asilimia 5 ya wanachama wa vyombo vya umma vya kuchaguliwa na kuteuliwa wawe watu wenye ulemavu. Kujitolea hakutajwi hapo, nako ndiko kunakoanzia mengi: kijijini, anayejitolea leo ndiye anayekumbukwa kamati inapoundwa.

Kwenu mnaoandika maombi ya ufadhili: wekeni nauli ya msaidizi na malipo ya mkalimani katika bajeti ya kwanza kabisa, na mketi na watu wenye ulemavu wa Migori na Homa Bay kabla mfadhili hajauona mpango wenu.