Ishara za watazamaji katika softiboli ya watoto

Wengi wetu tumekulia kwenye kabumbu. Tunazijua sauti za wazazi kandokando ya uwanja: "Toa pasi! Piga!" Mwamuzi huziacha zipite. Katika softiboli ya watoto huko Marekani, sauti ya mzazi inaweza kuwa udanganyifu, hata kama amemwita mwanawe kwa jina tu.

Mchezo huu ulizaliwa Chicago mwaka 1887. Katika jiji hilo hilo Askofu Bernard Sheil alianzisha mwaka 1930 chama cha vijana Wakatoliki, CYO, na ligi za chama hicho bado huchezesha softiboli ya wasichana. Padre anayetumwa kuhudumu huko huenda akajikuta ameketi jukwaani Jumamosi asubuhi pamoja na waamini wake, kwa hiyo ni vizuri aelewe kinachoendelea.

Kwa wasichana wa miaka 11 na 12, mrushaji husimama futi 40, kama mita 12, kutoka kwa mpigaji. Mpira wa kasi ya kilomita 80 kwa saa hufika kwa takriban nusu sekunde. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji. Huyu humwonyesha mrushaji kwa vidole, katikati ya mapaja, aina ya mpira anaoutaka, kisha huweka glavu mahali mpira unapotakiwa kufika. Mpigaji haoni hayo, kwani macho yake yako mbele. Mzazi aliyeketi nyuma ya wavu havioni vidole, lakini glavu anaiona vizuri kabisa.

Basi wanakubaliana nyumbani: nikikuita kwa jina, mpira unakuja karibu na mwili, nikitaja namba ya jezi, unakwenda mbali nawe. Jirani anayesikia anadhani ni kushangilia tu.

Little League, shirika lililoanzishwa Pennsylvania mwaka 1939, linahesabu kuiba ishara na kumpelekea mpigaji kuwa ni utovu wa uanamichezo. Mwamuzi akiridhika kwamba jambo hilo linatendeka, anaweza kumtoa mchezaji pamoja na kocha wake mkuu. Kifungu hicho hakimtaji mzazi.

Wapo wanaojitetea kwamba hata wakubwa hufanya hivyo. Ni kweli kwamba katika besiboli ya kulipwa mchezaji aliye kituo cha pili akizisoma ishara kwa macho yake havunji kanuni. Lakini Houston Astros, waliotumia kamera na kugonga pipa la taka msimu wa 2017, walitozwa faini ya dola milioni 5 mwaka 2020. Mzazi naye si mchezaji, hata macho yake yawe makali namna gani.

Kwangu mimi hoja nzito kuliko kanuni ni mwili wa mtoto. Mrushaji wa miaka 11 hakosi kukosea. Binti aliyeambiwa na baba yake kwamba mpira unakwenda mbali hujisogeza mbele kuufuata. Ukija ndani, mpira wa karibu gramu 200 unampata mbavuni, kwa sababu aliamini sauti kuliko macho yake. Na mrushaji wa upande wa pili, ambaye kila mpira wake unapigwa, anarudi nyumbani akidhani hana kipaji.

Kupiga kelele "inua kiwiko!" si wizi, ila nako kunasumbua. Kocha aliye karibu na kituo cha tatu anatoa ishara zake kwa kugusa kofia au bega, na mtoto hajui amtazame nani.

Kocha anayeshuku mchezo huu asigombane na jukwaa. Amwambie mdakaji achelewe kusogeza glavu mpaka mkono wa mrushaji uanze kuzunguka. Wakati huo mzazi hana tena nafasi ya kusema lolote. Likiendelea, amwendee mwamuzi kwa upole timu zinapobadilishana zamu.