Trekta Ichemkapo Shambani
Wakati wa kuvuna ngano huko Uasin Gishu, trekta nyingi huchemka si kwa kukosa maji, bali kwa sababu makapi na vumbi vimeziba rejeta, hata upepo wa feni haupiti. Mwenyewe huongeza maji kila mara, na mashini huchemka vile vile.

Mshale wa joto ukipanda, simamisha kazi, zima injini, ungoje ipoe. Usifungue kifuniko ingali moto: maji hufoka na kubabua uso. Wala usitie maji baridi kwa ghafula, maana chuma cha injini chaweza kupasuka.

Ikisha kupoa, safisha wavu wa mbele, kisha pulizia rejeta upepo usio na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kuelekea mbele, ili uchafu utoke kwa njia ulimoingia. Usichokoe kwa waya. Maji ya ndani yakiwa na kutu, yamwage, usuuze rejeta, ujaze maji safi ya mvua pamoja na dawa ya kuzuia kutu iliyoagizwa katika kitabu cha trekta.

Siku za mavuno, safisha wavu asubuhi na adhuhuri, injini ikiwa imezimwa. Ni kazi ya dakika chache. Lakini injini iliyopasuka huiacha ngano shambani inyeshewe mvua.