Breki za Gari la Kale: Lipia Kipimo Kipi?

Uko Uingereza, umepata gari la kale unalolimudu. Muuzaji anakuonyesha simu yake: breki asilimia 60. Fundi wa gereji anasema roli zake za kupimia breki zimesoma 38. Usimlipe yeyote bado, maana huenda hakuna aliyedanganya.

Asilimia hiyo ni nguvu ya breki ikilinganishwa na uzito wa gari. Kwa mwendo wa kilomita 48 kwa saa, breki za asilimia 50 hulisimamisha gari ndani ya mita 18 hivi tangu zishike. Za asilimia 30 huhitaji mita 30. Tofauti hiyo ni urefu wa basi zima.

Magari mengi yaliyoanza kutumika kabla ya Septemba 2010 yanatakiwa yafikishe 50. Lakini lile la kabla ya 1968 ambalo pedali haishiki magurudumu yote manne, kama Austin 7 za mwanzo, hutakiwa 30 kwa breki moja na 25 kwa nyingine. Kwa gari la namna hiyo, 38 imefaulu! Muulize fundi anatumia kiwango kipi kabla hajakuandikia orodha ya vipuri.

Programu ya simu ni ya bure, na thamani yake ni hiyohiyo. Ukikanyaga breki, pua ya gari huinama. Ikiinama nyuzi 3 tu, humwongezea muuzaji asilimia 5, na simu ikilegea inaongeza zaidi. Tena nyingi huonyesha kilele, si wastani. Itumie kulilinganisha gari na lenyewe, mwezi huu na ujao.

Utepe wa kupimia umbali wa kusimama ni wa bei ndogo na hauharibiki, ila unahitaji uwanja wa faragha, mkavu na tambarare. Mwendo ukikosewa kwa asilimia 10, umbali hukosewa kwa takriban 20, na vipimamwendo vya zamani hukosea.

Kipimo cha pendulumu, yaani kifaa chenye uzito unaobembea gari linapofunga breki, ambacho wakaguzi wamekitumia kwa miaka mingi, hupatikana cha mtumba na hudumu. Gharama iliyofichika ni kukirekebisha na kukithibitisha. Kwa mwenye gari moja hakilipi. Wanachama wa klabu wanaweza kuchangishana.

Roli ndizo ninazozipendelea, kwa sababu zinapima kila gurudumu peke yake. Gari linalovuta kushoto litajulikana hapo, na vipimo nilivyotaja juu havitakuonyesha gurudumu lenye kosa. Kasoro zake: gari halisogei, kwa hiyo uzito hauelemei mbele kama barabarani, breki hazipati joto, na breki ya mkono inayoshika shafti badala ya magurudumu haipaswi kupimwa hapo. Gari hilo lipimwe barabarani.

Ukaguzi kamili wa MOT, ule wa usalama wa kila mwaka, kwa gari dogo hauzidi pauni 54.85. Lenye zaidi ya miaka 40 lisilobadilishwa sana limesamehewa tangu 2018, lakini hukusamehewa wewe: kuendesha gari la hatari kunaweza kukugharimu faini ya hadi pauni 2,500. Likifeli, liache palepale litengenezwe, na marudio ndani ya siku 10 za kazi hayalipiwi. Ukiliondoa na kulirudisha ndani ya siku hizo, unaweza kudaiwa hadi nusu ya ada. Matokeo huingia kwenye kumbukumbu ambazo mnunuzi wako wa kesho atazisoma.

Kama fedha ni chache, piga simu uombe kipimo cha breki tupu, kwa bei ya kupatana, na uchukue karatasi yenye namba za kila gurudumu. Mwambie muuzaji alipie. Akikataa, punguza bei unayompa.

Tenga pia akiba ya breki shuu. Kataa za zamani zilizokaa kwenye maboksi, hata zikiwa za bei ya kutupa: nyingi zina asbesto, iliyopigwa marufuku huko mwaka 1999, na vumbi lake halipulizwi kwa hewa ya kompresa.